John Hunter, munganga aliyepanda jino la mtu kwenye kichwa cha jogoo

Huko Japani, tangu mwaka 2024, wanganga wanajaribu kwa watu dawa yenye lengo la kuotesha jino jipya mahali penye pengo. Habari hiyo imefika mbali, na wengi wameipokea kama jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Lakini swali lenyewe ni la zamani. Zaidi ya miaka 250 iliyopita, mjini London, mwanaume mmoja kutoka Scotland, John Hunter, alichukua jino la mtu, akalipanda kwenye nyama ya kichwa cha jogoo, kisha akangoja miezi kadhaa aone kama litaishi. Jibu alilopata liliwapa wanganga tumaini kubwa. Liliipa nguvu pia biashara ambayo matajiri walinunua meno kutoka vinywani mwa watoto maskini.

Mtoto wa mwisho

John Hunter alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1728 huko Long Calderwood, shamba lililo karibu na mji wa Glasgow. Alikuwa mtoto wa 10 na wa mwisho wa wazazi wake. Kadhaa kati ya ndugu zake walikufa wakiwa wadogo, na baba yake alifariki mwaka 1741, John akiwa na miaka 13.

Masomo hakuyapenda. Alipendelea kuzunguka porini na mashambani, akichunguza wadudu, ndege na majani, na kuwauliza watu maswali ambayo hawakuwa na majibu yake. Alifika umri wa miaka 20 bila kuwa na kazi ya kueleweka.

Mwaka huohuo wa 1728, huko Paris, munganga Mfaransa Pierre Fauchard alitoa kitabu kikubwa juu ya meno, ambacho mpaka leo kinahesabiwa kuwa msingi wa uganga wa meno wa kisasa. Lakini sehemu nyingi za Ulaya hali ilibaki ileile. Mtu aliyeumwa jino alikwenda kwa kinyozi, kwa mfua chuma au kwa mng'oaji wa sokoni, naye alirudi nyumbani na pengo. Hakuna aliyejua vizuri jino ni kitu gani: ni jiwe, ni mfupa, au ni kiungo chenye uhai kama vidole na masikio.

Nyumba ya maiti

Mwaka 1748 John alifunga safari kwenda London kwa ndugu yake William, aliyemzidi miaka 10. William alikuwa munganga mwenye jina, na alikuwa amefungua masomo ya kuchunguza mwili wa binadamu katika mtaa wa Covent Garden. Alimpa mdogo wake mkono wa kupasua ili amjaribu, na mara moja akaona kwamba kijana huyu asiyependa vitabu ana mikono ya ajabu.

Kwa miaka zaidi ya kumi John aliishi katikati ya maiti. William aliahidi kila mwanafunzi maiti ya kujifunzia, lakini sheria ya Uingereza ilitoa miili michache tu ya watu walionyongwa. Iliyobaki iliibwa makaburini usiku na watu waliofanya kazi hiyo kwa malipo, na kuongea na watu hao ilimwangukia zaidi John. Hapo ndipo alipojifunza mambo mawili yaliyomfuata maisha yake yote. La kwanza, ukweli wa mwili hutafutwa ndani ya mwili wenyewe. La pili, katika kuutafuta ukweli huo, ruhusa ya marehemu na jamaa yake inaweza kuwekwa kando.

Pia alifuata masomo ya upasuaji kwa mabingwa wawili wa wakati huo, William Cheselden na Percivall Pott.

Vita na mijusi

Mwaka 1760 aliingia jeshini kama munganga wa upasuaji. Mwaka uliofuata alikuwa pamoja na waaskari Waingereza walioshambulia Belle-Île, kisiwa cha Ufaransa, kisha akapelekwa Ureno.

Wakati huo wanganga wa jeshi walikuwa na desturi ya kupanua kidonda cha risasi kwa kisu na kuingiza vidole ndani ili kutafuta risasi. Hunter aliona waaskari wachache Wafaransa waliojificha na vidonda vyao kwa siku kadhaa bila munganga yeyote kuwagusa. Walikuwa wanapona vizuri kuliko wale waliokatwakatwa hospitalini. Tangu hapo alishauri kwamba kidonda cha risasi kisipanuliwe bila sababu, maana mwili una nguvu zake za kujitengeneza.

Katika kisiwa hicho alikuwa pia anakusanya mijusi. Mjusi aliyekatika mkia huotesha mwingine, na Hunter alitaka kuona jambo hilo linafanyika namna gani. Swali la mwili unaorudisha kiungo chake lilikuwa limemwingia, na halikumtoka tena. Mwaka 1767, alipokatika mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, alijitibu mwenyewe, kisha akafanya majaribio kwa mbwa ili aone jinsi mshipa kama huo unavyojiunga tena.

Kazi iliyodharauliwa

Aliporudi London mwaka 1763 hakuwa na cheo hospitalini wala wagonjwa wengi. Nafasi yake kwa William ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Ndipo alipoanza kushirikiana na mng'oaji wa meno James Spence. Munganga wa upasuaji kushughulika na meno ilionekana kama kujishusha. Lakini kwa Hunter kinywa kilikuwa shamba ambalo hakuna aliyelilima. Kwa miaka mitano hivi aliona vinywa vya kila aina, na nyumbani kwake alikusanya taya za maiti, kuanzia mtoto aliye tumboni mpaka mzee asiye na jino hata moja.

Matunda ya kazi hiyo ni kitabu kilichotoka mwaka 1771, juu ya maumbile ya meno ya binadamu, na cha pili mwaka 1778, juu ya magonjwa ya meno. Aliyapanga meno kwa makundi ambayo wanganga wanayafuata mpaka leo: meno ya mbele ya kukata, chonge, magego madogo na magego makubwa. Alionyesha kwamba mbegu za meno ya ukubwani zimo ndani ya taya muda mrefu kabla hazijaonekana. Alieleza pia kwamba taya ya mtoto hurefuka kwa upande wa nyuma, na hapo ndipo magego hupata nafasi.

Jogoo

Lakini jaribio lililovutia watu kuliko yote lilikuwa lile la jogoo. Hunter alichukua jino la mtu ambalo mzizi wake ulikuwa haujamaliza kukua. Alichana kilemba cha jogoo, ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa, akaingiza jino humo na kulifunga kwa uzi. Alichagua mahali hapo kwa sababu kilemba kina damu nyingi.

Miezi ilipita. Jogoo alipochinjwa, Hunter aliingiza rangi katika mishipa ya kichwa, akalilainisha jino kwa asidi, kisha akalipasua katikati. Aliona rangi imeingia mpaka kwenye mishipa ya kiini cha jino, na jino limeshikana na nyama pande zote kama linavyoshikana na ufizi. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba jino lina uhai, na kwamba uhai huo unaweza kuunganishwa na mwili mwingine.

Hunter mwenyewe aliandika kwamba alijaribu mara nyingi na kufaulu mara moja tu. Habari ya ile mara moja ndiyo iliyosambaa. Nyingine zote hazikutajwa sana.

Meno ya maskini

Kuhamisha jino kutoka kinywa kimoja kwenda kingine kulijulikana kabla ya Hunter, hasa huko Ufaransa. Lakini yeye alikuwa mjumbe wa Royal Society tangu mwaka 1767 na munganga wa hospitali ya St George's tangu 1768. Mwaka 1776 aliwekwa kuwa munganga wa upasuaji wa mfalme George III. Mtu kama huyo aliposema kwamba jambo linawezekana, wenye pesa waliamini.

Sukari ilikuwa imejaa kwenye meza za matajiri wa London, na meno yao ya mbele yaliharibika wakiwa bado vijana. Meno ya bandia ya siku hizo yalichongwa kwa pembe au mifupa ya wanyama, na yalinuka. Jino hai la mtu lilionekana kuwa suluhisho zuri. Hunter alielekeza namna ya kufanya: jino litoke kwa mtu kijana mwenye afya, na watu kadhaa wawe tayari, ili jino la wa kwanza lisipoenea shimoni, la wa pili ling'olewe mara moja.

Watu hao kadhaa walikuwa watoto na vijana maskini. Walikaa chumbani wakingoja, waking'olewa jino zima lisilo na ugonjwa kwa pesa kidogo, kisha wakarudi barabarani na pengo la maisha yote. Wengine waling'olewa bure kabisa, kwa sababu jino lao halikuenea. Mwaka 1787 mchoraji Thomas Rowlandson alichora picha ya kuidhihaki desturi hiyo. Katika picha, kijana mweusi kwa masizi, mfagiaji wa mabomba ya moshi, anang'olewa jino lake, na pembeni yuko mwanamke tajiri anayelingoja.

Hata wanunuzi hawakufaidi kwa muda mrefu. Leo inajulikana kwamba mwili hutambua kitu kinachotoka kwa mtu mwingine na kukipiga vita, na mzizi wa jino la kigeni huliwa polepole mpaka jino linaanguka. Mengine yalikaa miaka michache, mengine miezi tu. Jambo baya zaidi lilikuwa magonjwa. Taarifa zilianza kutoka juu ya wagonjwa waliopata vidonda vya kinywa na koo, na mwanamke mmoja kijana alikufa. Wanganga wengi walisema ni kaswende iliyosafiri pamoja na jino. Katika kitabu chake cha mwaka 1786, Hunter aliizungumzia mikasa hiyo, lakini hakukubali kwamba ugonjwa huo ulikuwa kaswende. Miaka iliyofuata desturi hiyo ilififia, kwa sehemu kubwa kwa sababu matajiri walianza kuogopa. Watoto waliouza meno yao hakuna aliyewahesabu.

Nyumba ya Leicester Square

Mwaka 1771 Hunter alimwoa Anne Home, mwanamke mshairi ambaye baadaye maneno yake yaliwekewa muziki na Joseph Haydn. Walizaa watoto wanne, na wawili kati yao ndio waliofika utu uzima. Wanafunzi walikuja kukaa nyumbani kwake, kati yao Edward Jenner, yule ambaye mwaka 1796 alionyesha ulimwengu chanjo ya ndui. Hunter alimzoesha Jenner kujaribu jambo kwa vitendo badala ya kukisia, na walibaki wakiandikiana mpaka mwisho.

Mwaka 1783 alihamia nyumba kubwa ya Leicester Square na kujenga humo makumbusho. Alikusanya wanyama, mifupa na viungo vilivyowekwa katika chupa za pombe, karibu vitu 14,000. Mwaka huohuo alikufa Charles Byrne, kijana kutoka Ireland aliyejulikana kwa urefu wake mkubwa, ambaye watu walilipa kumtazama. Byrne alijua kwamba wapasuaji wanautaka mwili wake, na aliomba azikwe baharini. Hunter aliwahonga waliolinda jeneza, akaupata mwili huo, na mifupa ikawekwa kwenye makumbusho yake. Katika picha ambayo Joshua Reynolds alimchora Hunter, miguu ya mifupa hiyo inaonekana kwenye kona ya juu.

Hasira na kifo

Miaka yake ya mwisho Hunter aliumwa moyo. Maumivu ya kifua yalimkamata hasa alipokasirika, na aliwaambia watu kwamba yeyote anayeweza kumuudhi ameshika maisha yake mkononi. Tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 1793 alikwenda kwenye mkutano wa wakubwa wa hospitali ya St George's, ambapo kulikuwa na ugomvi juu ya kupokea wanafunzi. Alipingwa mbele ya wenzake, akatoka kwa hasira, akaingia chumba cha pili, akaanguka na kufa. Alikuwa na miaka 65.

Aliacha deni kubwa, kwa maana pesa zake zote ziliishia kwenye makumbusho. Msaidizi wake kijana, William Clift, aliilinda mikusanyo hiyo kwa miaka kwa mshahara mdogo, akinakili maandishi ya bwana wake usiku. Mwaka 1799 serikali ya Uingereza iliinunua kwa pauni 15,000. Ilikuwa bahati kwamba Clift alinakili, kwa sababu Everard Home, shemeji wa Hunter, aliyatumia maandishi hayo kujijengea jina, kisha mwaka 1823 akayachoma moto. Mabomu ya mwaka 1941 yaliharibu sehemu kubwa ya mikusanyo. Jino la jogoo ni kati ya vitu vilivyookoka.

Swali lake leo

Kazi ya Hunter imebaki hai kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kila siku. Alishauri kwamba jino zima lililotoka kwa kupigwa au kuanguka lirudishwe shimoni haraka. Ushauri huo ungali unafuatwa, na sababu yake sasa inaeleweka. Mzizi umefunikwa na utando mwembamba wenye uhai unaoushikamanisha na mfupa, na utando huo hufa ukikauka. Kwa hiyo mtoto akianguka na kutoka jino la ukubwani, lishikwe sehemu ya juu na si mzizi, lisisuguliwe, lirudishwe mahali pake au litiwe ndani ya maziwa, na afikishwe kwa munganga wa meno bila kukawia. Jino la utoto halirudishwi, kwa maana linaweza kuumiza lile linaloota chini yake.

Namna ya pili ni ile ya maabara. Ganda jeupe la nje la jino haliwezi kujitengeneza, kwa sababu seli zilizolijenga hufa jino linapotokeza. Lakini ndani, kwenye kiini, uhai alioutafuta Hunter upo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamepata katika kiini cha meno ya watu wazima seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2003 walizipata katika meno ya utoto yaliyong'oka yenyewe. Mwaka 2018 wanganga wa China walieleza jinsi walivyotibu watoto ambao meno yao ya mbele yalikufa baada ya kuumia. Walichukua seli kutoka jino la utoto la mtoto huyohuyo, wakazikuza, wakazitia ndani ya jino lililokufa, na mishipa ya damu pamoja na hisia vikarudi.

Wajapani wamepita njia nyingine. Waligundua kwamba protini inayoitwa USAG-1 huzuia meno kuota. Walitengeneza kingamwili ya kuifunga protini hiyo, na mwaka 2021 walieleza kwamba iliotesha meno kwa panya na kwa mnyama mwingine mdogo. Majaribio ya Kyoto yalianza kwa wanaume wazima waliopungukiwa jino, kwanza ili kuona kama dawa haina madhara. Hatua inayofuata inawalenga watoto waliozaliwa bila baadhi ya meno. Watafiti wana tumaini la kuitoa kwa wagonjwa karibu na mwaka 2030. Bei yake, na nani atakayeweza kuilipa, bado haijulikani.

Katika njia zote hizo, jino halitoki tena katika kinywa cha mtoto wa jirani maskini. Linatafutwa ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, na kila anayejaribiwa hutoa ruhusa yake, au wazazi wake kwa niaba yake. Ruhusa hiyo ndiyo aliyokosa kijana mrefu kutoka Ireland. Makumbusho ya Hunter huko London ilifungwa mwaka 2017 kwa matengenezo. Ilipofunguliwa tena mwaka 2023, mifupa ya Charles Byrne haikuwekwa mbele ya watu tena.